Ndiyo ya Sikubali

Wapendwa, matangazo ya ndoa mmeyasikia. Wenyewe nawaona pale, wamekaa mbalimbali kama hawajuani, na mama zao wanacheka chini kwa chini. Kabla sijawaombea, nina kisa nataka mkae nacho. Ni mfano, basi msianze kugusana viwiko mkitafuta nani anasemwa. Anayesemwa ni mimi na wewe.

Palikuwa na fundi baiskeli katika mji mmoja mdogo wa kando ya reli. Jina lake la ubatizo watu walikwisha kulisahau. Walimwita Sikubali, kwa kuwa neno hilo lilimtoka mara nyingi kuliko salamu. Ukimpelekea baiskeli yenye fremu iliyopasuka ukamwambia, "Fundi, zungushia waya tu nisogee," atakujibu, "Sikubali. Ukivunjika shingo nitasemwa mimi." Watu wakibishana mpira kibandani kwake, yeye hakubali. Kanisani wakisema ibada ya kesho ianze mapema, yeye husimama: sikubali. Mnacheka. Mtu wa namna hiyo mnamjua. Wengine mmeolewa naye.

Mkewe aliitwa Nyamizi, na alimpenda pamoja na ubishi wake. Kuna raha yake kuishi na mtu ambaye akikubali jambo, unajua amelikubali kweli. Lakini nyumba ile ilikuwa na kidonda kimoja. Hawakuwa na mtoto.

Na kwetu mtoto akikosekana, anayetazamwa ni nani? Semeni tu, msione haya. Nyamizi alitazamwa tumbo kisimani, sokoni, hata kanisani kwenye meza ya Bwana. Alikunywa mizizi michungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Alifukizwa chini ya blanketi mpaka akazimia. Mwisho akaenda hospitali, akapimwa, na daktari akamwambia, "Mama, kwako sioni tatizo. Mlete na baba."

Alirudi nyumbani akikimbia nusu ya njia.

"Mume wangu, daktari amesema twende wote. Ni kupimwa tu."

"Sikubali."

"Hata damu hawatoi nyingi."

"Nimesema sikubali, Nyamizi. Na neno hilo usilirudie humu ndani."

Akatoka, akaenda kibandani ingawa alikuwa amekwisha kukifunga. Nyamizi alizoea ubishi wa mumewe, lakini ule haukuwa ubishi. Alimwona akitoka bila hata kurudisha komeo la mlango. Hakujua auite nini.

Kuanzia hapo mwanamume akapoa. Akawa anarudi amechelewa, anakula bila kuinua macho. Wifi yake Nyamizi, dada mkubwa wa Sikubali, akaja siku moja, akala wali na kuku, akanawa mikono, ndipo akasema, "Wifi, usinielewe vibaya. Kaka yangu hawezi kuzeeka bila wa kumzika. Kuna binti kwetu tumeshamwona." Kisha akaomba maji ya kunywa. Na Nyamizi akamletea, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa.

Hofu, wapendwa, ni mshauri mbaya. Ilimwamsha Nyamizi siku ya mnada, ikamvika khanga, ikampeleka nyuma ya wauza ng'ombe, kwenye turubai la mganga aliyesikia akisifiwa.

Alitarajia kumkuta mzee wa kutisha, mwenye mapembe na manyoya. Alimkuta mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, anaongea taratibu kama karani wa posta. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akamuuliza swali moja.

"Mama, unataka akupende, au unataka asiweze kukukataa?"

Nyamizi akajibu, "Si ni kitu kimoja?"

Yule mtu akamtazama kitambo. Hakucheka. Akafungua mkoba, akatoa unga mweupe umefungwa kwenye karatasi. "Kidogo kwenye uji wake, kila asubuhi. Asijue."

"Na akijua?"

"Asijue," akarudia, akamwita aliyefuata.

Msiniulize unga ule ulikuwa nini. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema ni vidonge vya wagonjwa wa akili, vimesagwa. Mimi si mfamasia. Ninachokijua ni kwamba Nyamizi aliukoroga kwenye uji wa ulezi, akaongeza sukari, akampelekea mumewe kwa mikono miwili huku amepiga goti. Naye akaupokea na kunywa. Nani hunusa uji wa mkewe kabla hajaunywa?

Haikuchukua muda. Kwanza alianza kurudi mapema. Nyamizi akisema, "Leo tule mlenda," anajibu, "Ndiyo." Akisema, "Usiende kibandani, kaa nami," anajibu, "Ndiyo," anakaa. Wifi alipokuja tena na habari za binti, Nyamizi alimwambia mumewe mbele yake, "Mwambie dada yako hutaki mke mwingine," naye akageuza uso na kusema kwa upole, "Sitaki mke mwingine." Wifi aliondoka bila kuaga. Nyamizi usiku ule alilala kama mtoto.

Majirani wakamsifu. "Umempatia nini mwenzetu? Sikubali amekuwa Nakubali!" Walicheka, naye akacheka nao, huku akiwa ameficha mikono chini ya khanga.

Siku moja mchana alimwambia, "Nikalie hapo nje, naja sasa hivi." Akaingia ndani, wakamjia wageni, mazungumzo yakanoga, akamsahau. Alipotoka, kivuli cha nyumba kilikuwa kimehama zamani. Mumewe alikuwa palepale kwenye kigoda, katikati ya jua kali, jasho linamchuruzika mpaka kwenye macho, ametabasamu. Nzi alikuwa ametua kwenye mdomo wake wa juu. Nyamizi akasimama anamtazama yule nzi. Nzi akatembea mpaka pembeni ya mdomo, akarudi, akaingia kwenye tundu la pua, akatoka. Mumewe hakupepesa macho.

"Mume wangu," Nyamizi akasema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka chumba cha pili. "Fukuza nzi."

"Ndiyo," akasema, akainua mkono, akamfukuza.

Basi akaanza kuyaona mengine. Aliona kwamba tabasamu lile haliondoki hata akilala. Aliona kwamba watu wakibishana kibandani, anamkubalia huyu na anamkubalia yule, mpaka wakaacha kubishana, na mpaka wakaacha kuja. Na aliona jambo lililomsimamisha nywele: mumewe alikuwa ameanza kujibu kabla swali halijaisha. "Mume wangu, una..." Ndiyo. "Je, ulim..." Ndiyo. Kama mtu anayefungua mlango kabla hujabisha, na ndani hamna kitu.

Na kitandani? Mabwana na mabibi, tuseme ukweli, sisi ni watu wazima. Kitandani alimwita akaja. Alimwambia amkumbatie, akamkumbatia. Mikono ilikuwa ya mumewe, na joto lilikuwa la mumewe. Lakini Nyamizi alilala macho wazi, anatazama paa, anahisi amekumbatiwa na koti ambalo mwenyewe amelivua akaondoka.

Mama mkwe akaja kumtembelea mwanawe. Mwanamke mkimya, mwenye miguu mibovu, alikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikaa na mwanawe kutwa nzima chini ya ukuta, wakiongea. Jua lilipoanza kuzama alimwita Nyamizi jikoni, akamshika kifundo cha mkono, akamwuliza kwa sauti ndogo:

"Mkwe wangu, nimekaa na mtu tangu asubuhi. Mwanangu yuko wapi?"

"Si huyo hapo, mama?"

"Huyo nimemwona. Nimemwambia alizaliwa pacha na mwenzake akafa, akasema ndiyo. Nimemwambia hakuzaliwa na mwenzake, akasema ndiyo. Mwanangu tangu anyonye hajawahi kunikubalia jambo bila kupiga kelele kwanza. Nakuuliza tena. Yuko wapi?"

Nyamizi alisema mumewe amechoka tu, ni kazi nyingi. Bibi yule akamwachia mkono, na hakulala pale.

Mngedhani angeacha. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi tungeacha, sivyo? Lakini hofu ikishakuonjesha utulivu, kuuachia ni kazi. Asubuhi Nyamizi akakoroga uji.

Asubuhi ileile muuza maziwa alipeleka baiskeli yake kwa Sikubali, madumu yamejaa nyuma. Breki ya mbele ilikuwa imekatika. Akasema, kama watu wote wanavyosema wakiwa na haraka, "Fundi, ipachike hivyohivyo, nitaishika kwa mguu." Zamani angefukuzwa na matusi juu, na baiskeli ingebaki. Sikubali akatabasamu. "Ndiyo." Akaipachika. Muuza maziwa akateremka mteremko wa kwenda relini, na walimwokota chini kwenye kokoto, paja limevunjika, maziwa yametapakaa, mbwa wanalamba karibu na uso wake.

Nyamizi alikwenda hospitali kumpa pole. Mgonjwa hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu. Alisema, "Shemeji, nilikwenda kwake kwa sababu najua angenikatalia. Nilimwambia vile kwa mazoea tu. Kwa nini hakunikatalia?"

Nyamizi alirudi nyumbani. Ilikuwa saa tisa mchana, jua jeupe, hakuna hata jogoo anayewika. Mumewe alikuwa kwenye kigoda. Akavuta kigoda cha pili, akakaa mbele yake, magoti yanakaribia kugusana.

"Mume wangu, unanipenda?"

"Ndiyo."

"Unanichukia?"

"Ndiyo."

Sauti ni ileile, na tabasamu ni lilelile. Nyamizi akasema lile alilokuwa akilisema zamani: "Kesho twende hospitali tukapimwe."

"Ndiyo," akajibu. Halafu akaongeza, kwa mara ya kwanza tangu uji ule uanze, neno ambalo hakuombwa. "Lakini mimi nilishapimwa."

"Lini?"

"Kabla sijakuoa. Niliugua matumbwitumbwi ujanani, yakashuka chini. Walinipima wakasema sitazaa."

Nyamizi akatafuta njia ya kutoamini. Alijiambia, huyu anakubali kila kitu. Lakini habari ya matumbwitumbwi hakumtilia yeye mdomoni. Ilitoka yenyewe, kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

"Ukaniona nakunywa mizizi."

"Ndiyo."

"Ukamsikia dada yako akinitukana."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo," akasema mumewe, na tabasamu halikutikisika.

Sasa niambieni, wapendwa. Mmekaa hapa mnamhukumu Nyamizi tangu nimeanza, nawaona. Nani alimlisha mwenzake kwanza? Mwanamke alimlisha mumewe kwenye uji. Mwanamume alimlisha mkewe siku ya harusi, mbele ya mchungaji na wapambe na keki. Alimlisha ukimya. Akampokea ndiyo yake, akaitia mfukoni, huku akijua kwamba mwenye kuitoa hajui anachokikubali. Unga wa nani ulikuwa mweupe zaidi?

Hasira ilimjaa Nyamizi. Na fikirini alikuwa na nguvu gani mkononi! Angemwambia, "Piga magoti sokoni uwaambie watu wote," angepiga. Angemwambia, "Jitupe relini," na mimi sitaki kufikiri angejibu nini. Badala yake alimwuliza jambo dogo.

"Unajuta?"

"Ndiyo."

"Au hujuti?"

"Ndiyo."

Hapo ndipo alipolia. Aliona alichojifanyia. Mtu mmoja tu duniani angeweza kumwomba radhi kwa ile miaka yote, na mtu huyo alikuwa amemwondoa nyumbani kwa mikono yake. Akaingia ndani, akachukua karatasi ya unga, akaimwaga chooni.

Mwanamume hakurudi nafsini mwake kwa siku moja. Alitetemeka, akatoka jasho, akatapika nyongo. Alikuwa akikaa anautazama mkono wake, anaukunja na kuukunjua kama mtu anayejaribu kiatu cha kuazima. Nyamizi alimwuguza bila kumwambia kitu, maana hapakuwa na wa kuambiwa. Hata ikafika jioni moja akampelekea maharage, akaonja, akakunja uso.

"Sitaki. Chumvi imezidi."

Nyamizi alikaa chini sakafuni, akacheka na kulia pamoja. Alipomaliza alifuta uso kwa khanga, akamweleza yote. Mnada. Unga. Uji. Muuza maziwa. Mama yake. Hakujitetea. Mumewe alisikiliza huku anarudi nyuma kidogo kidogo, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Siku zote hizo," akasema. "Na kitandani?"

"Na kitandani."

"Sikuwepo, Nyamizi." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hukulala na mimi. Mimi sikuwepo."

"Najua. Nimelijua hilo kabla yako. Sasa nisikilize na wewe. Siku ya harusi yetu, mimi pia sikuwepo. Aliyesimama pale akasema ndiyo ni msichana asiyejua. Ulijua ulichomnyima, ukampokea hivyohivyo."

Sikubali akajua kwamba mkewe ameshaijua siri yake. Alifunika uso.

Asubuhi Nyamizi alifunga nguo zake, akaenda kwa kaka zake. Sikubali hakumzuia. Alikwenda kwanza hospitali, akakaa ukingoni mwa kitanda cha muuza maziwa, akamwambia, "Breki ile niliifunga mimi, na nyumbani kwangu kulikuwa na jambo. Nitakueleza ukipenda kusikia." Muuza maziwa akaelezwa. Akasema anamsamehe kila mtu, ila hajajisamehe yeye mwenyewe kwa haraka zake. Paja liliunga, lakini liliunga kwa kupinda. Mpaka leo anachechemea. Sitawadanganya kwamba ukweli ulilinyoosha.

Halafu Sikubali akamchukua mama yake na dada yake, wakaenda kwa kaka zake Nyamizi. Akasimama mbele ya wote, yeye aliyezoea kusimama kukataa, akasema, "Asiyezaa ni mimi. Nilijua kabla ya kuoa." Dada yake akainamisha kichwa, na hapo hakuomba maji. Nyamizi naye akasimama akasema la kwake, la unga na uji, mbele ya mama mkwe. Kaka mmoja alitaka kuinuka kupigana, hata hakujua ampige nani. Bibi yule wa miguu mibovu akamwambia, "Keti, mwanangu. Leo ndiyo posa. Ile ya kwanza ilikuwa maigizo."

Sikubali akamgeukia mkewe. "Sasa unayajua yote. Sikuombi urudi. Nakuuliza kama utarudi."

"Leo hapana," akasema Nyamizi.

Kila mtu akamtazama mwanamume, wakisubiri ubishi. "Nimesikia," akasema. Akapanda baiskeli akarudi kwake.

Alikuja tena kuuliza, na jibu likawa lilelile. Akarudi tena kwake. Baada ya mavuno ya mpunga Nyamizi alirudi mwenyewe kwa miguu, mchana, bila kuitwa. Waliishi. Mtoto hawakupata. Na kwa muda mrefu Sikubali hakuweka kitu kinywani mpaka aone mkewe ametangulia kula, naye Nyamizi akiulizwa jambo na mumewe, humtazama usoni kwanza apime kama kuna kingine nyuma yake. Walikuwa wanajenga upya kwa tofali moja moja.

Haya. Turudi kwetu sisi.

Sisi hatuendi mnadani kwa mtu wa turubai. Ah, sisi tumeokoka! Lakini una mtoto kwa mwanamke mwingine, na mchumba wako hajui. Unameza dawa kila jioni umejifungia chooni, na unayelala naye anadhani ni za kichwa. Ulikuwa na mume, hukuachana naye, umehama mkoa tu. Halafu unasema, "Amenikubali mwenyewe, sikumlazimisha." Amekubali nini? Amemkubali nani? Mtu akikuficha shimo ukalikanyaga, tutasema ulichagua kuanguka?

Na ninyi mliokaa kwenye ndoa miaka, msisinzie, yanawahusu. Kuna nyumba ambamo mmoja hawezi kukataa. Si kwa unga. Kwa ngumi, kwa kununa juma zima, kwa kunyimwa matumizi. Akiitwa anakuja, akiambiwa lala analala, na mwenzake anatoka asubuhi anapiga mluzi, anadhani anapendwa. Ndugu yangu, kama mwenzako hawezi kukuambia "leo sitaki" akabaki salama, basi hata siku akikuambia "nataka" hujui umesikia nini. Umelala na koti.

Mtaniambia, mchungaji, nikisema ukweli ataniacha. Inawezekana. Sitakuahidi kwamba atabaki. Ni haki yake kuondoka, na haki hiyo ndiyo unayomwibia kila siku unayonyamaza. Mungu mwenyewe, mwenye uwezo wote, hakutuumba tusiweze kumkataa. Wewe ni nani umzidi?

Basi ninyi wawili mliotangazwa leo, na wengine watakaofuata. Siku ile nitakapowauliza mbele ya watu, sitaki majibu ya haraka. Ng'ombe anaweza kungoja, na sare zilizoshonwa zitavaliwa Krismasi. Kama kuna neno umelificha, najua baada ya ibada utataka kuja kunigongea mlango, unieleze, nikuombee, uende zako umepata nafuu. Usije kwangu. Nenda kwake kwanza.